Mlipakodi Bora wa Kaunti ya Tolliver

Halmashauri ya Kaunti ya Tolliver, kwa kauli moja na bila mjadala, ilitangaza siku ya Jumatatu kwamba kodi zake ni za haki. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa mahakama, kwenye mlango wa posta, na kwenye mlango wa duka la chakula cha mifugo, ambako ndiko watu wa Tolliver husoma. Mkazi yeyote aliyekuwa na mashaka juu ya haki hiyo aliombwa, kwa heshima zote, ayaondoe.

Aliyeliandika ni Mwenyekiti mwenyewe, Royce Ledbetter, mnadi wa ng'ombe. Sauti yake ilikuwa imemfikisha mbali kuliko akili yake, na hilo hakulificha. Alilisema jukwaani kila alipoomba kura, na watu wakacheka, na wakamchagua. Kule Tennessee mashariki watu hawapendi kiongozi anayewazidi sana.

Imani ya Mwenyekiti kuhusu kodi ilikuwa fupi na safi. Jimbo lao halitozi kodi ya mapato. Mtu akipata, apate. Serikali inageuza uso pembeni kwa adabu. Inamgeukia anapotumia. Akinunua unga, kidogo. Akinunua viatu, kidogo. "Na sote tunakula," alipenda kusema. "Tajiri ana tumbo moja, maskini ana tumbo moja. Mbele ya keshia matumbo yote ni sawa. Hiyo ndiyo haki, mabwana, na asiyeitaka avuke mto aende Kentucky, akakatwe mshahara ungali na joto."

Ili haki hiyo isibaki bila sherehe, Halmashauri ikaazimia kumpa tuzo Mlipakodi Bora wa Tolliver. Mshindi alijulikana hata kabla ya shindano kuanza. Alikuwa Garland Haskew, mwenye maghala yote ya barabara kuu, nyumba mbili ziwani, na hisa katika kampuni ambazo hata yeye hakujua zinauza nini. Haskew ndiye aliyelipia bendi. Ndiye aliyelipia nyama. Ilibaki kutafuta kanuni za kumfikia bila kujikwaa.

Walizitafuta wakiwa mgahawani, asubuhi, mbele ya mikate midogo ya moto na mchuzi mweupe wa soseji.

"Tutoe kwa anayelipa fedha nyingi zaidi," akasema Mwenyekiti.

Haskew akaweka uma chini. "Royce, ndugu yangu, ukisema fedha nyingi, kesho kila binamu yangu atajua nina nini. Sema *sehemu*. Katika kila mia anayopata mtu, ametoa ngapi. Sehemu haimvui mtu nguo."

"Sehemu," Mwenyekiti akarudia. Neno lilimkaa vizuri mdomoni. "Na tuzo?"

"Kitu cha heshima tu. Mshindi akalie kiti chako kwa kikao kimoja, atoe hoja moja, na madiwani waahidi hadharani kuipitisha."

"Kabla ya kuisikia?"

"Mmewahi kuzisikia za nyuma?"

Mwenyekiti akafikiri, akaona ni kweli. Hoja ambayo Haskew aliipanga ilikuwa ya kawaida kabisa: msamaha wa kodi ya maghala yake ulikuwa unaisha mwaka ule, naye aliona uchungu msamaha mzuri kama ule ufe kijana. Ahadi ikaandikwa, ikatiwa saini na madiwani wote, ikabandikwa chini ya tangazo la haki.

Jumapili iliyofuata Mwenyekiti alikwenda kula kwa dada yake mkubwa, kama kila Jumapili. Verlene alikuwa mjane, akiishi katika nyumba ya bati yenye magurudumu ambayo haikuwa imekwenda popote tangu iletwe. Sebule yake ilikuwa saluni. Alikata nywele za wazee wanaume, akasuka na kuseti za wazee wanawake, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake.

"Nimelisoma tangazo lako," alisema, akimpakulia maharage. "Nilikuwa nimefuata chakula cha kuku."

"Umelionaje, Dada?"

"Herufi zimenyooka."

"Na maana yake?"

"Hiyo sikuiona. Labda ilikuwa upande wa nyuma."

Mwenyekiti akacheka kwa uvumilivu wa mtu mwenye cheo. "Dada, usinichukie kwa ukweli. Wewe unalipa nini hasa? Jimbo halikukati hata senti. Watu kama Garland Haskew ndio wanaotubeba."

"Halinikati, linanisubiri dukani," Verlene akasema. "Nikifika kwenye unga, lipo. Nikifika kwenye nepi za mjukuu, lipo, limetangulia. Nikinunua tairi, lipo. Na kiwanja hiki si changu. Mwenyewe akipandishiwa kodi ya ardhi, unadhani anamdai nani? Kuku?"

"Garland naye ananunua."

"Garland alinunua boti. Na kodi ya kaunti, wewe mwenyewe ulinieleza, kwa kitu kikubwa inagusa kipande cha mwanzo cha bei, halafu inachoka. Kwenye boti la Garland inachoka. Kwenye unga wangu haichoki, Royce. Kwenye unga wangu inatembea mpaka mwisho wa mfuko."

"Basi shindana!" akasema Mwenyekiti, akipanua mikono. "Mlango uko wazi kwa kila mkazi."

"Nitashindana."

Mwenyekiti alicheka mpaka mkate wa mahindi ukampalia. Dada yake akampiga mgongoni, kwa nguvu kuzidi kidogo zile zilizohitajika.

Hesabu ilikabidhiwa kwa mhasibu wa kaunti, Lorena Akers, mwanamke mpole mwenye tabia moja mbaya: aliuliza maswali wakati watu wameshasimama kuondoka. Haskew alileta mambo yake kupitia mawakili. Wakazi wengine walioshindana walileta risiti zao wenyewe, na Verlene alileta zake ndani ya foronya. Ijumaa mchana, siku moja kabla ya sherehe, Lorena aliingia ofisini kwa Mwenyekiti, akaufunga mlango nyuma yake. Mwenyekiti alikuwa mbele ya dirisha, akijisomea hotuba ya kesho na kujipigia makofi madogo.

"Mwenyekiti, mshindi amepatikana."

"Hongera kwa Garland."

"Bwana Haskew ni wa mwisho."

Mwenyekiti akatabasamu, akisubiri mzaha uishe. Haukuisha.

"Wa mwisho kati ya nani?"

"Kati ya wote. Katika kila mia anayopata, kwa jimbo na kaunti anatoa mbili, na hiyo ya pili inachechemea. Sehemu kubwa ya mapato yake inatoka kwenye hisa. Hayo hayaguswi na mtu. Hawezi kula mapato yake yote, Mwenyekiti, hata angejaribu. Tumbo ni moja."

Mwenyekiti aliyatambua maneno yale, akasikitika kwamba aliyasema kwa sauti kubwa kiasi kile kwa miaka mingi kiasi kile.

"Na mshindi?"

"Anatoa kumi na moja. Kila anachopata anakitumia, kwa hiyo kila anachopata kinapitia dukani." Lorena akakohoa. "Ni dada yako."

Nje, bendi ilikuwa ikijaribu matarumbeta.

"Hatuwezi kubadili kanuni?"

"Zimebandikwa. Kwenye mlango wa duka la chakula cha mifugo."

Hapo Mwenyekiti akaelewa kwamba mambo yameharibika. Tangazo la mlango wa mahakama mtu angeweza kulibandua.

Akaenda kwa Verlene bila kofia. Alimkuta anamseti nywele mzee Bi Eulalie Tipton, ambaye alikuwa na vibiringisho kichwa kizima na masikio yaliyofunguka kuliko kawaida.

"Dada, naomba ujitoe."

"Nimeshinda?"

"Sijasema hivyo."

"Umeshinda, Verlene," akasema Bi Eulalie. "Mtazame rangi yake."

Verlene akafunga kibiringisho kimoja, polepole, halafu akamgeukia mdogo wake. "Nijitoe kwa sababu gani?"

"Ni kwa heshima yako. Watu watasema dada yake Mwenyekiti ni... watasema una hali..."

"Maskini? Wanajua. Huwa nawakata nywele hapa hapa." Akafuta mikono kwa taulo. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka. "Royce, miaka yote unakuja hapa, unakula maharage yangu, unaniambia nabebwa. Nami nimekaa nikijiona mzigo. Nilipokwenda kwa Lorena na ile foronya, nilikuwa nakwenda kukukomoa tu, sikudhani nitashinda. Sasa nimejua ni nani alikuwa juu ya mgongo wa nani. Sijitoi. Na kesho vaa shati safi, maana wewe ndiye utakayenivika."

Mwenyekiti alisimama pale, akitazama nywele za watu wengine sakafuni. Akaondoka.

Jumamosi uwanja wa maonyesho ulijaa. Nyama ilikuwa imeiva vizuri, chai baridi ilikuwa na sukari ya kusimamisha kijiko, na Haskew alikuwa mstari wa mbele katika suti nyeupe, akiwa ameshazoea kupongezwa. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Kila diwani alidhani mwenzake amemwambia. Ndivyo Halmashauri ilivyofanya kazi zake zote.

Mwenyekiti akapanda jukwaani akiwa na hotuba moja tu mfukoni, ile ile ya Haskew. Nyingine hakuwa na muda wa kuandika, na, kwa kusema kweli, hata ile aliandikiwa. Akasoma.

"Wananchi wa Tolliver. Leo tunamtukuza mtu ambaye bila yeye kaunti hii isingekuwa na barabara wala shule." Haskew akainamisha kichwa. "Mtu ambaye, wengine wakikwepa, yeye hakuwahi kukwepa." Watu wakaanza kupiga makofi ya usingizi. "Mtu anayetubeba sote mgongoni, na hajawahi kulalamika..." Hapo akasita, kwa sababu dada yake alikuwa amelalamika mfululizo tangu mwaka aliozaliwa. "...au amelalamika," akaongeza, "na hatukusikia. Tafadhali njoo hapa, mlipakodi wetu bora." Haskew alikuwa ameshasimama na kufunga kifungo cha koti. "Verlene Ledbetter Suggs."

Mafuta yalisikika yakidondoka kwenye makaa. Halafu mtu wa nyuma kabisa akapiga yowe, na uwanja ukalipuka. Haskew, akiwa amesimama peke yake mbele ya watu wote, alifanya jambo la busara: alijifanya amesimama kwa ajili ya kupiga makofi.

Mwenyekiti akamvika dada yake utepe. Ulikuwa mrefu, kwa kuwa ulipimwa kifua cha Haskew, ukamfika Verlene magotini.

"Umevaa shati safi," Verlene alinong'ona.

"Nilinunua asubuhi," akasema Mwenyekiti. "Nikalipia kodi."

Kikao kilifanyika Jumatatu. Verlene alikalia kiti cha Mwenyekiti, Mwenyekiti akakalia kiti cha wageni, ambacho aligundua kwamba mguu wake mmoja ni mfupi na kwamba umma ulikuwa ukikikalia hivyo kwa miaka. Chumba kilijaa hadi ngazini. Mwandishi wa gazeti la kaunti alikuja na kamera. Haskew naye alikuja, kuona kama wazimu huu una mwisho.

"Nashukuru kwa heshima hii," Verlene akaanza. "Nimeivaa siku mbili, na nimeona ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Diwani Harbin juzi aliniita fahari ya kaunti. Diwani Meeks alisema anatamani angekuwa mimi. Sijapenda kuwaacha watu na hamu. Hoja yangu ni kwamba heshima hii igawiwe madiwani wote. Kwa mwaka mmoja kila diwani atoe sehemu ile ile ninayotoa mimi, kumi na moja kwa kila mia. Kinachopungua kufikia hapo akitie kwenye mfuko wa chakula cha mchana cha watoto wa shule."

Madiwani walitazamana. Diwani Harbin aliuliza kama kanuni zinaruhusu kuumwa ghafla. Lakini ahadi ilikuwa mlangoni, saini zikiwa wazi, na kamera ilikuwa imeelekezwa kwenye mikono yao. Mmoja akainua wake, wa pili akafuata kama ng'ombe anayeogopa kubaki nyuma. Mwenyekiti, ambaye maishani mwake alikuwa ameona mikono mingi ikiinuliwa mnadani na watu wasioweza kulipa, aliinua wa kwake, akajua sasa wanavyojisikia.

Ikawa hivyo. Mwezi wa kwanza Mwenyekiti alilipa kwa majivuno. Mwezi wa pili alilipa. Baada ya hapo aliuza boti lake dogo la kuvulia samaki, akaacha kwenda mgahawani asubuhi, akaanza kusimama mbele ya jibini dukani akiwa ameshika kipande kimoja mkono huu na kingine mkono ule. Keshia, ambaye mbele yake matumbo yote ni sawa, alimuuliza kama yuko salama. Mtu asidhani Mwenyekiti aliingiwa na huruma. Aliingiwa na hasara, ambayo hufanya kazi haraka zaidi.

Kabla majani hayajaanza kuanguka, aliitisha kikao cha dharura. Milango ilifungwa. Halmashauri ile ile, kwa kauli moja na safari hii kwa mjadala mrefu wenye machozi, iliazimia kwamba mzigo wa kumi na moja kwa mia haubebeki na binadamu. Lakini kuandika kwamba haubebeki na *madiwani* kungekuwa na sura mbaya, na uchaguzi ulikuwa Novemba. Wakatumia lugha ya ofisi, ambayo ni blanketi pana: *Mkazi yeyote wa Tolliver anayebeba mzigo wa kiwango hicho arudishiwe na kaunti, kila mwaka, nusu ya alichoilipa kaunti.* Wakapiga muhuri. Wakasimama kuondoka.

"Mwenyekiti," akasema Lorena Akers.

Kila mtu akafumba macho.

"Mmeandika mkazi yeyote."

"Mkazi yeyote," Mwenyekiti akasema kwa ukarimu, akivaa koti.

"Sawa. Basi watu wajiandae kuleta foronya. Nakisia ni karibu nusu ya kaunti."

Mwenyekiti akakaa tena, mkono mmoja ukiwa bado ndani ya koti.

"Tufute?" akauliza Diwani Meeks.

"Tufute tuwaambie nini?" akasema Mwenyekiti. "Kwamba tuliona haubebeki, halafu tukagundua wanaoubeba ni wao?"

"Na fedha za kurudisha zitatoka wapi?"

Wote walikuwa wakimtazama Lorena, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kutazamana. Lorena akasema kwamba katika kaunti nzima amebaki mlipaji mmoja ambaye bado hajaguswa: maghala ya barabara kuu. Msamaha wake uliisha Juni. Hoja ya kuurefusha haikuletwa, maana nafasi yake ilitumiwa na Bibi Suggs.

Haskew alipopata habari alitangaza kwamba anahama. Alisema Tolliver imejaa wivu, na kwamba kuna majimbo yanayomheshimu mtu mwenye mali. Aliondoka asubuhi na gari lake refu, akavuka mto hadi Kentucky, akaketi na wakala wa nyumba, akaelezwa habari za kodi ya mapato kwa utaratibu na kwa mifano. Chakula cha mchana alikula nyumbani kwake Tolliver.

Kodi ya maghala aliilipa mwaka ule kwa ukamilifu. Alilipa akipumua kwa nguvu, akamwonyesha kila aliyekutana naye barabarani mahali panapomuuma.

Jumapili moja ya majira ya kuchipua Mwenyekiti alikuwa kwenye kiti cha Verlene, taulo shingoni na povu sikioni. Alikuwa ameshinda uchaguzi kwa kura chache, na katika kampeni alijitapa kama mtetezi wa kale wa wanyonge. Verlene alimlipisha nywele bei kamili. Benchi la kusubiria lilikuwa limejaa wazee, pamoja na Bi Eulalie Tipton ambaye siku ile hakuwa na zamu ila alikuwa na nia ya kusikiliza.

Mlango ukafunguliwa. Haskew akaingia, kofia mkononi.

"Verlene, shindano lipo mwaka huu?"

"Lipo."

"Vizuri." Akajinyoosha. "Kwa hali ilivyo sasa, nadhani safari hii nitashinda. Nimelipa, Verlene. Nimelipa mpaka nimeona nyota."

Verlene akamgeuza mdogo wake kidevu kwa kidole. "Mwambie, Mwenyekiti. Wewe ndiye serikali."

Mwenyekiti alikuwa ameziona hesabu za Lorena Ijumaa. Aliitafuta sauti yake ya mnadani, ile iliyomfikisha mbali, lakini kilichotoka kilikuwa kidogo na kilipitia kwenye povu.

"Garland, sasa unatoa tatu."

"Basi?"

"Basi bado ni wa mwisho."

"Wa mwisho! Kwa maumivu yote haya?"

Wazee wa kwenye benchi walianza kutikisika. Mwenyekiti naye alijikuta anacheka, kwanza kwa kumcheka Haskew, halafu, mkasi wa dada yake ukipita karibu sana na sikio, kwa kujicheka mwenyewe, mpaka taulo likamdondoka.

Verlene hakucheka. Alionyesha kwa ncha ya mkasi mwisho wa benchi, nyuma ya wazee wote.

"Kaa foleni, Garland," akasema. "Mbele yako kuna kaunti nzima."